Matunda yaliyokaushwa ni kitafunwa chenye afya? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Msimu wa maembe ukiisha, maswali huanza. Mama anataka kujua kama embe kavu analomfungia mtoto wa shule ni tunda au ni peremende. Mzee mwenye kisukari anauliza kuhusu tende, Ramadhani ikikaribia. Kijana aliyeanza mazoezi ameambiwa zabibu kavu hazinenepeshi. Nimeyapanga hapa kuanzia ya msingi hadi yanayowahusu watu wachache. Jibu likiwa limeshatolewa chini ya swali jingine, nakuelekeza huko.

## Mambo ya msingi

Jibu la haraka: ni kitafunwa kizuri au si kizuri?

Ni kizuri, kwa masharti mawili. La kwanza, liwe tunda tupu, lisilochovywa kwenye sukari wala kukaangwa. La pili, ule kwa kiasi ambacho ungekula tunda hilo likiwa freshi. Ukiyashika hayo mawili, utakuwa na kitafunwa bora kuliko biskuti, keki na soda, na kisichohitaji friji.

Watu wengi huteleza kwenye sharti la pili. Kukausha hakuongezi sukari, kunaondoa maji. Lakini maji ndiyo yanayojaza tumbo na kukufanya useme basi. Gramu 100 za zabibu freshi zina maji gramu 80 hivi na kalori zipatazo 70. Gramu 100 za zabibu kavu zina maji gramu 15 na kalori zinazokaribia 300. Hakuna anayemaliza maembe matano kwa kikao kimoja. Yakikaushwa, maembe hayohayo matano yanaingia kwenye mfuko mmoja wa kaki, na kwa abiria anayetoka Dar es Salaam mfuko unaweza kuisha kabla basi halijafika Chalinze.

Tunda linapokaushwa, nini hubaki na nini hupotea?

Nyuzinyuzi hubaki. Madini hubaki pia, hasa potasiamu, na kwa kuwa maji yametoka, hukolea kwa kila gramu. Tende zina nyuzinyuzi gramu 7 hadi 8 katika kila gramu 100, na tini kavu zinakaribia 10.

Kinachopotea zaidi ni vitamini C, ambayo haivumilii joto, hewa wala mwanga. Embe lililoiva lina miligramu 36 hivi za vitamini C kwa kila gramu 100, na sehemu kubwa hupotea njiani kuelekea kuwa embe kavu. Kwa hiyo embe kavu lisichukue nafasi ya chungwa, pera au papai mezani kwako.

Ile rangi ya njano ya embe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, huvumilia kiasi. Hupungua zaidi tunda likianikwa juani waziwazi kuliko likikaushwa chini ya kivuli au ndani ya kikaushio kilichofunikwa. Embe kavu lililopauka limekwisha kupoteza mengi.

Sukari iliyomo si ni sukari tu kama ya dukani?

Ikishafika kwenye damu ni sukari. Tofauti iko kwenye safari yake ya kufika huko. Ndani ya tunda sukari imefungwa pamoja na nyuzinyuzi, unalazimika kutafuna, na inaingia taratibu kuliko ya soda. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2015, unaosema sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku (kama gramu 50, vijiko vya chai 12, kwa anayetumia kalori 2,000), hauhesabu sukari iliyo ndani ya tunda zima. Unahesabu sukari ya kuongezwa, asali, sharubati na juisi ya matunda.

Hata hivyo tusijidanganye. Gramu 30 za zabibu kavu zina sukari kati ya gramu 18 na 20, na soda ya mililita 300 ina gramu zinazozidi 30 kidogo. Mtu anayekula pakiti nzima ya gramu 100 kwa sababu "ni matunda tu" amepita sukari ya soda hiyo karibu mara mbili.

Kiasi gani kinatosha kwa siku?

Gramu 30 kwa mtu mzima. Kwa zabibu kavu ni kama vijiko vikubwa vitatu. Kwa tende ndogo ni tatu au nne, na zikiwa zile kubwa nene, moja tu. Kwa embe kavu ni vipande vichache vinavyotosha kiganja kimoja bila kurundikwa.

Njia ninayoiamini kuliko mizani ni kujiuliza: vipande hivi vilitoka kwenye matunda mangapi? Vikitoka kwenye embe moja, sawa. Toa kiasi chako, weka kwenye kibakuli, kisha funga kopo na ulirudishe kabatini. Ukila moja kwa moja kutoka kwenye mfuko huwezi kupima chochote.

Yanahesabika kama tunda la siku?

Ndiyo, mara moja. WHO inapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku. Uingereza, ambako hesabu hiyo imegawanywa katika sehemu tano za gramu 80, gramu 30 za tunda kavu huhesabiwa kuwa sehemu moja. Sehemu nyingine zitoke kwenye mboga na matunda yenye maji yake, kwa sababu ya ile vitamini C.

## Kipi ni tunda, kipi ni peremende

Tende ni tunda kavu?

Ndiyo, ingawa nyingi hujikaushia mtini. Waarabu wana jina kwa kila hatua: ikiwa ngumu bado huitwa khalal, ikilainika na kujaa maji ni rutab, na ikikauka na kukunjamana ni tamr, ambayo ndiyo huifikia Pwani yetu. Majahazi kutoka Omani na Basra yalikuwa yakishuka na kaskazi yakiwa yamebeba tende hadi Lamu, Mombasa na Unguja, kisha yakapanda na kusi yakiwa na boriti za mikoko. Tende kwetu si chakula cha mtindo kilichoingia juzi.

Kwa lishe, ichukulie kama tunda kavu tamu kuliko mengi: karibu theluthi mbili za uzito wake ni sukari. Tende ndogo moja ina sukari gramu 5 hivi, zaidi kidogo ya kijiko cha chai. Kubwa nene ya gramu 24 ina gramu 16, yaani vijiko vinne.

Ubuyu je?

Hapa inabidi tutenganishe vitu viwili vyenye jina moja.

Unga wa ubuyu mtupu, ule mweupe unaotoka moja kwa moja kwenye kibuyu cha mbuyu, ni miongoni mwa matunda makavu bora tuliyo nayo, na hukauka wenyewe ndani ya ganda bila mtu kuwasha moto. Una vitamini C nyingi kwa tunda kavu, na karibu nusu ya uzito wake inaweza kuwa nyuzinyuzi. Umoja wa Ulaya uliuruhusu kuuzwa huko mwaka 2008, na tangu hapo unauzwa ghali kwenye maduka ya vyakula vya afya. Kwetu unapatikana sokoni kwa kisado. Uchanganye kwenye uji au kwenye maji ya kunywa. Nasikitika nikiona mama anaacha unga huo na kununua kopo la vitamini kutoka nje.

Ubuyu mwekundu, unaoitwa wa Zanzibar kwa Dar es Salaam na mabuyu kwa Mombasa, ni kitu kingine. Mbegu zimepikwa katika shira ya sukari na rangi, zikatiwa hiliki au vanila. Ni tamu, mimi pia naupenda, lakini nauweka fungu la peremende. Ukinunua kwa mtu, muulize ametumia rangi gani. Iwe ya chakula, iliyotoka kwenye kifungashio chenye maandishi.

Na achari kavu za embe, zile za pilipili?

Zikitiwa sukari na rangi, fungu ni lilelile la ubuyu mwekundu. Nyingi pia zina chumvi ya kutosha kumsumbua mwenye presha. Embe kavu lililonyunyizwa pilipili ya unga tu halina tatizo.

Ndizi kavu na kripsi za ndizi ni kitu kimoja?

Hapana. Ndizi kavu ni ndizi mbivu iliyokatwa ikakaushwa; ni laini, hudhurungi, na hunata kidogo. Kripsi ni ndizi mbichi iliyokaangwa kwenye mafuta, na theluthi moja ya uzito wake inaweza kuwa mafuta. Gramu 100 za kripsi zinafika kalori 500. Ikivunjika kwa mlio ukiuma, angalia kama mafuta yameandikwa kwenye pakiti.

Nikiwa dukani nitajuaje?

Geuza pakiti, usome orodha ya viambato. Embe kavu zuri lina kiambato kimoja: embe. Pengine maji ya limau. Ukiona sukari, shira, glukosi au mafuta, rudisha. Kranberi kavu karibu zote hutiwa sukari kwa kuwa tunda lenyewe ni chachu mno, na nanasi na papai za vipande vya mraba vinavyong'aa mara nyingi zimelowekwa kwenye shira.

Mstari wa "sukari" kwenye jedwali la lishe hautakusaidia sana, maana unajumlisha ya tunda na ya kuongezwa. Tegemea orodha ya viambato. Halafu tafuta alama ya ubora, TBS kwa Tanzania au KEBS kwa Kenya, na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Kwa nini embe kavu au aprikoti nyingine zinang'aa rangi na nyingine ni za kahawia?

Zinazong'aa mara nyingi zimetiwa salfa, inayoandikwa kwenye pakiti kama salfaiti au kwa namba E220 hadi E228. Hulinda rangi na kuzuia kuvu. Aprikoti isiyotiwa salfa huwa ya kahawia iliyokolea, na haijaharibika.

Kwa watu wengi salfa hiyo haina madhara, ingawa huharibu vitamini B1. Wanaotakiwa kuiepuka ni wenye pumu, kwa kuwa baadhi yao hubanwa kifua hata kwa kiasi kidogo. Kama una pumu, nunua yaliyoandikwa kwamba hayana salfaiti, au kausha mwenyewe (soma sehemu ya kukausha nyumbani).

## Maswali ya afya

Nina kisukari. Naruhusiwa?

Kwa wengi, ndiyo, kwa kipimo. Vijiko vikubwa viwili vya zabibu kavu vina wanga gramu 15 hivi, kiasi kinachohesabiwa kama fungu moja la tunda katika mipango mingi ya mlo wa kisukari. Vijiko hivyo viwili vichukue nafasi ya tunda jingine. Visiongezwe juu ya ndizi uliyokwisha kula.

Usile peke yake tumbo likiwa tupu. Konzi ndogo ya karanga au korosho, au kikombe cha mtindi usio na sukari, hupunguza kasi ya sukari kupanda. Kisha pima saa mbili baada ya kula. Watu wawili hula tende ileile na kupata matokeo tofauti, na kipimo chako ndicho cha kukiamini kuliko maneno ya jirani.

Ikiwa sukari yako *imeshuka*, unatetemeka na kutoka jasho, usianze kutafuna tende. Kunywa glukosi, maji ya sukari au juisi, vinavyofika haraka. Tende zije baadaye.

Na wakati wa Ramadhani?

Sunna ni kufuturu kwa tende freshi, zikikosekana tende kavu, zikikosekana maji. Wengi hupenda witiri: moja, tatu, tano. Mwenye kisukari akumbuke kwamba moja nayo ni witiri. Fungua kwa tende moja na maji, nenda kaswali, kisha urudi kwenye futari. Kinachowaumiza wengi ni yanayoifuata ile tende: juisi ya sukari, kaimati, tambi za sukari na uji mtamu, vyote katika nusu saa. Mwenye kisukari na azungumze na daktari *kabla* ya mwezi kuandama kuhusu kufunga na mpangilio wa dawa zake.

Yananenepesha?

Chochote kinachozidi mahitaji hunenepesha. Pakiti ya gramu 100 inakaribia kalori 300, mlo mdogo kabisa. Ukiila juu ya milo yako mitatu ya kawaida kila siku, mkanda utakuambia. Kiganja kimoja badala ya maandazi mawili ya saa nne ni mabadiliko mazuri.

Kwa anayehitaji nguvu nyingi katika mzigo mdogo, wingi huo wa kalori ni faida. Mpanda Mlima Kilimanjaro, mkimbiaji wa mbio ndefu, mgonjwa aliyepungua na anayekula kidogo kidogo: hao wanaweza kula zaidi.

Zabibu kavu na tende huongeza damu?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na ninalolijibu kwa uangalifu kuliko yote, kwa sababu nimeona wajawazito wakiacha vidonge vyao kwa kutegemea pakiti ya zabibu.

Zabibu kavu zina madini ya chuma chini ya miligramu 2 kwa gramu 100. Tende zina miligramu 1 hivi. Kiganja cha gramu 30 za zabibu kinakupa nusu miligramu, wakati mjamzito anahitaji miligramu 27 kwa siku. Tena chuma cha mimea hufyonzwa kidogo kuliko cha nyama na samaki. Kwa hiyo zabibu husaidia kama tone kwenye ndoo. Damu ikipungua, tegemea vidonge ulivyopewa kliniki, maini (mjamzito asiyale mara kwa mara, kwa sababu ya wingi wa vitamini A), nyama, dagaa na maharage, pamoja na chungwa au ubuyu kwa ajili ya vitamini C inayosaidia chuma kufyonzwa. Chai isinywewe pamoja na chakula hicho, kwa kuwa inazuia.

Yanasaidia kufungua choo?

Ndiyo, na plamu kavu zinaongoza, kwa sababu mbali na nyuzinyuzi zina sorbitoli, aina ya sukari isiyofyonzwa yote, inayovuta maji kwenye utumbo. Tini na tende pia husaidia. Loweka tatu au nne usiku, asubuhi kula na unywe maji yake. Ukila nyuzinyuzi nyingi bila maji ya kutosha, choo kinaweza kuzidi kuwa kigumu.

Sifa hiyohiyo huwasumbua wenye tumbo jepesi. Kama unajaa gesi au kuharisha baada ya kiganja kimoja, punguza. Choo kilichofunga ghafla kwa mtu wa makamo, au chenye damu, kipelekwe hospitali.

Meno?

Hunata. Kula pamoja na mlo kuliko kutafuna moja moja mchana kutwa, kisha sukutua kwa maji.

Tende na maziwa huongeza nguvu za kiume?

Huongeza nguvu za mwili, kama chakula chochote chenye sukari, protini na mafuta kwa mtu aliyekuwa na njaa. Lakini sijaona ushahidi wa kutegemewa kwa binadamu kwamba zinatibu tatizo la nguvu za kiume. Nalisema hili kwa kuwajali wanaouliza: tatizo hilo likidumu, mara nyingi ni dalili ya mapema ya kisukari, presha au ugonjwa wa mishipa ya damu. Mwanamume anayejitibu kwa tende, maziwa na asali kila usiku anaweza kuwa anaulisha ugonjwa ambao hajaupima. Nenda ukapime sukari na presha. Hakuna aibu ndani yake.

## Wajawazito na watoto

Tende hurahisisha uchungu wa uzazi?

Kuna dalili za kutia moyo. Utafiti wa Jordan uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia wanawake 69 waliokula tende sita kwa siku katika wiki nne za mwisho kabla ya tarehe ya kujifungua, na 45 ambao hawakula. Waliokula walifika hospitali njia ikiwa imefunguka zaidi, na wachache zaidi kati yao walihitaji kuanzishiwa uchungu. Ni utafiti mdogo, na hawakugawanywa kwa kura, kwa hiyo nausoma kama dalili tu.

Tende sita ni chakula salama kwa mjamzito mwenye afya. Aliyeambiwa ana kisukari cha mimba asianze bila kuongea na mkunga wake. Na tende hazichukui nafasi ya kujifungulia hospitali.

Mtoto aanze umri gani?

Baada ya miezi sita, mtoto akianza vyakula vya nyongeza, unaweza kuloweka tende au embe kavu, ukaponda hadi liwe rojo laini, ukatia kwenye uji badala ya sukari. Zabibu nzima na vipande vigumu subiri hadi afike miaka minne hivi, kwa sababu ya hatari ya kupaliwa. Kabla ya hapo katakata vidogo na uvilainishe kwa maji moto. Mtoto akae chini anapokula.

Tunda kavu lililopakwa asali lisipewe aliye chini ya mwaka mmoja. Asali inaweza kuwa na vijidudu vinavyomletea mtoto mchanga ugonjwa mbaya wa kulegea misuli.

Yanafaa kwenye mfuko wa shule?

Yanafaa sana. Kijiko kikubwa kimoja au viwili, na karanga kwa aliyevuka umri wa kupaliwa na asiye na mzio. Ukimzoesha embe kavu lisilo na sukari mapema, hatalalamika kwamba si tamu. Anayelalamika ni yule aliyeanza na lile la shira.

## Kukausha na kuhifadhi nyumbani

Naweza kukausha mwenyewe bila mashine?

Unaweza, lakini mahali unapoishi ndipo panapoamua njia. Kuanika juani kunahitaji joto la nyuzi 30 au zaidi na hewa yenye unyevu chini ya asilimia 60. Dodoma wakati wa kiangazi, hewa ni kavu na jambo linawezekana. Dar es Salaam, Tanga, Mombasa na visiwani, unyevu wa bahari hulilowesha tena usiku lile ulilolikausha mchana, na kuvu huwahi kuliko jua. Huko tumia kikaushio cha jua (sanduku lenye mfuniko wa plastiki au kioo, trei za wavu na matundu ya hewa) au oveni ya moto mdogo sana. Tanzania, ofisi za SIDO (shirika la kuhudumia viwanda vidogo) mikoani ni mahali pazuri pa kuanzia kwa anayetaka kujifunza usindikaji.

Chagua embe lililoiva lakini bado gumu kidogo; dodo lililolainika kabisa litakuwa uji kwenye trei. Osha, menya, kata vipande vyenye unene unaolingana, milimita 5 hadi 7. Vichovye dakika chache kwenye maji yenye limau ili visigeuke rangi. Vipange bila kugusana, funika kwa wavu dhidi ya nzi, geuza kila baada ya saa kadhaa. Ndani ya kikaushio, jua likiwa kali, siku mbili hutosha.

Kipande kimekauka kikikunjika kama ngozi bila kuvunjika, na ukikirarua na kukiminya hakitoi tone. Kilo tano za nyama ya embe hutoa kilo moja ya embe kavu. Usishangae bei ya sokoni, wala usiamini pakiti iliyo rahisi mno.

Nikishakausha, nifungashe palepale?

Subiri. Hatua hii wengi huiruka, na ndiyo inayowaharibia mzigo. Yakipoa, jaza chupa ya kioo robo tatu, funga, itikise kila siku kwa wiki moja ili unyevu usambae sawa kati ya vipande. Ukiona matone ndani ya chupa, rudisha kwenye kikaushio. Baada ya wiki, kama una friza, yagandishe kwa saa 48 kuua mayai ya wadudu. Kisha hifadhi pakavu, penye giza na ubaridi. Yaliyokaushwa vizuri hukaa miezi sita hadi mwaka.

Tende au zabibu zangu zina weupe juu. Nitupe?

Angalia kwanza. Sukari ikijitokeza juu huonekana kama chembe za fuwele, ngumu, na huyeyuka ukiiweka kwenye maji ya uvuguvugu. Hiyo ni salama. Kuvu huwa na manyoya, mweupe, kijani au mweusi, na harufu ya uvundo. Ukiona kuvu, tupa yote yaliyokuwa kwenye kopo hilo, si kipande kimoja tu.

Nasisitiza kwa sababu ya sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho na haiishi kwa kuosha wala kuchemsha. Tunaijua kwenye mahindi: Kenya mwaka 2004, iliua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliorekodiwa. Matunda makavu nayo yanaweza kuibeba, tini hasa. Karanga unazochanganya nayo zichambue vilevile. Iliyokunjamana au kubadilika rangi isiingie kibakulini.

Zabibu za dukani zioshwe?

Ndiyo. Huwa na mchanga na vijiti. Osha kwa maji salama unapotaka kula, si kabla ya kuhifadhi.

## Kwa wachache, lakini ni muhimu

Nina ugonjwa wa figo.

Usianze bila ruhusa ya daktari. Figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu, na ikipanda sana kwenye damu huweza kusimamisha moyo. Aprikoti kavu zina zaidi ya miligramu 1,100 kwa gramu 100, zabibu kavu zaidi ya 700, tende hazipungui 650, na ndizi kavu ziko juu zaidi. Kwa anayesafishwa damu, kiganja kimoja si kitu kidogo.

Natumia dawa za presha.

Baadhi ya dawa za presha, kama enalapril, lisinopril, losartan na spironolactone, hufanya mwili ubakize potasiamu. Figo zikiwa nzima, gramu 30 kwa kawaida hazina shida, lakini mwambie daktari kama unakula kila siku, ili aangalie kipimo cha damu.

Mbwa wetu amekula zabibu kavu za mtoto.

Mpigie daktari wa mifugo sasa hivi, hata kama mbwa anaonekana mzima. Zabibu, kavu au freshi, zinaweza kuharibu figo za mbwa, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwake.